Tathmini: filamu za kununua mtandaoni na makufuli yake

Upande wa picha na sauti, sina malalamiko juu ya programu ya kimataifa ninayoitumia hapa Mbeya kununua na kukodi filamu: manukuu yamepangwa vyema, na malipo kwa kadi niliyoitengeneza kupitia simu hupita bila usumbufu. Shida huanza baada ya kulipa. Faili ninalolipakua kwa bando langu limefungwa kwa kufuli la kidijitali, nalo hucheza ndani ya programu hiyohiyo tu, hivyo siwezi kulihamishia kwenye flashi na kulichomeka kwenye televisheni ya sebuleni.

Nilipounganisha kompyuta na projekta ya zamani kwa adapta ya VGA (njia ya zamani ya kupitisha picha) niliyoinunua Mwanjelwa, ili familia itazame pamoja, sauti ilisikika lakini ukuta ulibaki mweusi. Chanzo ni HDCP, mfumo uliobuniwa na Intel, ambao hutaka vifaa vyote, kuanzia kompyuta hadi skrini, vitambuane kabla picha haijaruhusiwa kupita, na VGA haiwezi kabisa utambulisho huo. Kwenye simu za bei nafuu kuna kikwazo kingine: Widevine, kufuli la Google lililomo katika simu nyingi za Android, lina viwango, na simu yenye kiwango cha chini, L3, badala ya cha juu, L1, kwa kawaida hupewa picha hafifu hata kama kioo chake kinaweza zaidi na mteja amelipia ubora wa juu. Nikiwa Makete, mahali mtandao ulipokuwa wa kubahatisha, programu ilidai kuthibitisha leseni kwa intaneti kabla ya kufungua filamu niliyokwisha kuipakua mjini.

Wakati huohuo, anayepeleka flashi kwenye kibanda cha kuingiza muvi huondoka na nakala inayocheza popote. Siitetei biashara hiyo, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wasanii, wakiwemo wa kwetu. Nasema tu kwamba kufuli hilo halimsumbui yeye hata kidogo, bali mimi niliyelipa.

Kuna pia suala la kudumu kwa kilichonunuliwa, maana kinachouzwa ni leseni. UltraViolet, huduma ya kuhifadhi haki za filamu iliyoungwa mkono na studio kubwa za Marekani, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na wateja wakatakiwa kuunganisha maktaba zao na wauzaji mbalimbali ili wasizipoteze. DVD za miaka hiyo, pamoja na kero zake za kufungiwa eneo fulani la dunia, bado zinacheza.

Kwa hiyo kukodi nakupendekeza, kwa sababu bei ni ndogo na hakuna anayetarajia kubaki na filamu. Kununua kwa bei kamili sikupendekezi. Anayetaka hata hivyo akodi kwanza filamu moja na kuijaribu kwenye simu, televisheni au projekta atakayoitumia, kwa kuwa fedha zangu za filamu iliyokataa kwenye projekta hazikurudishwa.