Vizibao vyekundu vya hospitali moja ya Guangzhou: nyota nne kutoka kwa mteja wa Kariakoo

Nilianguka tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, kwenye ngazi za soko la jumla la mabegi. Sampuli tatu begani, vigae vimelowa mvua, na mkono wa kulia ukatangulia. Niliusikia ukilia kama kijiti. Mwenye duka alinifungia barafu kwenye mfuko wa nailoni, akaniitia teksi, akamwonyesha dereva jina la hospitali kwenye simu. Mkalimani wangu wa siku zote, ambaye hunitoza yuan 400 kwa siku, alikuwa Foshan na wateja wa fanicha kutoka Lubumbashi. Kwa hiyo nilifika peke yangu, na Kichina changu kinaishia kwenye kuuliza bei.

Jina la hospitali naliacha. Isitoshe, hapa sisemi habari za madaktari. Nasema habari za wale vijana wa chuo wanaojitolea kuwaelekeza wagonjwa, wanaosimama ukumbini wamevaa vizibao vyekundu, kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wengi hupita mbele yao wakidhani ni mawakala wa kuuza kitu. Mimi nilikwenda mara tano katika wiki sita, kwa hiyo nimewaona wa kila aina.

Kwa asiyejua: hospitali kubwa ya umma China hauingii ukakaa kwenye benchi ukisubiri nesi aite. Kwanza unanunua namba ya daktari, wenyewe wanaita guahao. Kisha daktari anakutazama dakika tatu, anakuandikia kipimo, unakwenda kulipa, unapimwa, unachukua majibu, unarudi kwa daktari yuleyule. Kila hatua ina mashine yake, na mashine inataka simu yenye malipo ya Kichina au kitambulisho cha Kichina. Pasi yangu ya Tanzania mashine iliikataa kama noti bandia. Ukumbi wenyewe ni stendi ya Mbezi siku ya kuamkia Krismasi. Nikasimama pale na barafu inanidondokea kwenye viatu.

"Ayi, mkono?" Msichana mwembamba, klipu ya njano kichwani, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ayi ndivyo vijana wa kule wanavyowaita wanawake wa rika langu. Asili yake ni mama mdogo, ndugu wa kike wa mama, si shangazi kama wengi wetu tunavyotafsiri. Nilipoambiwa hivyo baadaye nilifurahi, maana mama mdogo ana haki ya kudeka kidogo.

Alinitoa kwenye mashine, akanipeleka kwenye dirisha lenye binadamu ndani, lile la wageni na wazee, ambalo nisingeliona mpaka kiama. Tukapata namba. Tukaenda mpaka mlango wa eksirei, na hapo ndipo tulipotaka kugombana. Fundi alisema neno, msichana akaliandika kwenye programu ya kutafsiri, simu ikanitamkia kwa Kiswahili kisicho na huruma: "Toa dhahabu." Nikajua sasa wananitaka rehani. Nikashika bangili zangu kwa mkono mzima nikasema hapana, mimi nalipa taslimu. Ilichukua muda mpaka aigize kwa vidole kwamba picha haitaki chuma. Mkono ulikuwa umevimba, hazitoki. Akaenda kuleta sabuni ya choo, akanivulisha moja moja taratibu, akazihesabu mbele yangu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akazitia kwenye pochi yangu, akafunga zipu, akanionyesha zipu imefungwa. Mtu wa biashara anaelewa uzito wa kitendo hicho. Nimewahi kuajiri watu wazima ambao hawajui kuhesabu mbele ya mwenye mali.

Saa sita mchana madaktari wa kliniki wanapumzika mpaka saa nane na nusu. Usibishane nao, hata wewe ungepumzika. Tukakaa ngazini, yeye na boksi lake la wali na mayai, mimi na mkono uliofungwa kibao. Nikamuuliza kile ambacho mtu wa Kariakoo lazima aulize.

"Wanakulipa kiasi gani, mwanangu?"

"Hawanilipi, Ayi. Naandikiwa saa."

Akatoa simu. Mkoa wa Guangdong una programu yao iitwayo i Zhiyuan. Kijana akifika anaskani ile picha ya vidoti ukutani, akiondoka anaskani tena, na saa zinajiandika. Yeye alikuwa na saa 86. Anasoma uhasibu mwaka wa pili, kwenye kile kisiwa cha vyuo, Daxuecheng, ambako tangu 2004 wamekusanya vyuo vikuu kumi mahali pamoja. Saa zinaingia kwenye alama za tabia na shughuli za nje ya darasa, alama hizo zinaingia kwenye ufadhili, na zinaweza kumsaidia mtu kupendekezwa kwa shahada ya uzamili bila kufanya mtihani. Nikasema basi una mtaji mzuri. Akacheka.

"Kila mtu anazo, Ayi. Ukiwa nazo hakuna anayekuona. Ukikosa ndiyo wanakuona."

Nimeshinda nikilifikiria neno hilo. Ni kama stika ya bima kwenye kioo cha gari. Hakuna askari aliyewahi kumsifu mtu kwa kuwa nayo.

Lakini saa zinapatikana kwa njia rahisi kuliko hospitali. Alinieleza mwenyewe: kupanga vitabu maktabani kwenye kiyoyozi, kugawa maji kwenye mbio za chuo. Nikamuuliza kwa nini basi huku, kwenye vilio na harufu ya dawa. Nilitegemea hadithi ya bibi mgonjwa. Akasema treni haimsumbui, na boksi la chakula la hapa lina mayai mawili.

Nilimpenda kuanzia hapo.

Ukutani nyuma yetu palikuwa na bango la askari mwenye kofia ya manyoya, masikio ya kofia yamesimama. Huyo ni Lei Feng, wanafundishwa habari zake tangu shule ya msingi: askari aliyekuwa akiwasaidia watu kimyakimya, akafa 1962 akiwa na miaka 21, lori lilipogonga nguzo ikamwangukia. Tarehe 5 Machi 1963 magazeti yakatoa wito wa Mao kwamba watu wajifunze kwake, na tangu hapo kila 5 Machi ni siku yake. Sasa ni siku ya vijana wa kujitolea pia. Msichana akanong'ona kama anayesema siri ya serikali: wenyewe wana utani kwamba mjomba Lei Feng hana kibali cha ukaazi, anakuja Machi, anaondoka Aprili. Mwezi wa Machi kila chuo kinatoa watu, wazee wa nyumba za kulea wanaogeshwa miguu mara tatu kwa siku na vikundi tofauti. Aprili kimya.

Mimi nilianguka Aprili. Kwa hiyo huduma niliyoipima ni ile ya baada ya sherehe, na nadhani ndiyo haki.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Makutupora, mwaka 1987, na JKT yetu nayo ni ya 1963, Julai. Sisi tulipelekwa kwa mujibu wa sheria, hakuna aliyetuuliza nia. Nilimweleza tulivyolima na kukimbia alfajiri, akauliza: "Mliandikiwa saa ngapi?" Nikakosa jibu.

Saa kumi na moja jioni zamu yake ilikwisha. Nilimwona kwa macho yangu akiskani kutoka, akavua kizibao, akakikunja. Plasta yangu bado, daktari alikuwa na foleni ya watu kumi na wawili. Akarudi akakaa kando yangu mpaka saa moja usiku. Zile saa mbili hazimo popote kwenye simu yake. Nilipomuuliza kwa nini, hakusema habari ya moyo wala taifa. Alisema, "Ulikuwa hujala." Akanunua uji wa mchele kwenye duka la kona, akaushika bakuli nikanywa kwa mkono wa kushoto. Nilimpa yuan 100, akakataa, nikasukuma, akakataa, watu wakaanza kutazama. Nikatoa pakiti ya korosho za Mtwara kwenye begi. Hizo alizichukua, akasema kizibao ameshakivua kwa hiyo si kosa.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba wote wako hivyo. Mara ya pili, tarehe 18, nilimkuta kijana wa simu. Kizibao anacho, macho yako kwenye mchezo. Nikamwonyesha karatasi ya daktari, akaelekeza juu kwa kidole bila kuinua kichwa: ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu ni wodi ya wazazi. Nilisimama kule na plasta yangu kati ya wanawake wenye matumbo mpaka nesi akanihurumia. Niliporudi kumuuliza, mwenzake alinieleza kwa aibu kwamba kiongozi wa darasa ndiye aliyeandika majina, wamepungukiwa watu, kijana hakutaka. Zile saa nne zake zimeandikwa sawasawa na za yule binti. Kule wana kanuni za serikali za huduma za kujitolea, zilianza kutumika 1 Desemba 2017, na zinataka rekodi ziandikwe kwa ukweli na zitolewe bure. Ukweli wa saa, ndiyo. Ukweli wa kazi iliyofanyika ndani ya saa hakuna mashine ya kuuskani.

Mwingine mrefu wa miwani, mstaarabu sana, aliniambia bila kuzunguka kwamba anaomba kujiunga na Chama cha Kikomunisti, na huduma hizi zinatazamwa. Alinisindikiza vizuri. Sina zaidi.

Wa nne ndiye nitakayemsema kidogo, kijana kutoka milima ya Guizhou, mwaka wa tatu, Kiingereza chake ni cha kuvunja mawe lakini anakivunja kwa bidii. Yeye anataka akimaliza aende kwenye ule mpango wa wahitimu wa kujitolea mikoa ya magharibi, ulioanza 2003. Mtu anakwenda wilaya za mbali, mwaka mmoja mpaka mitatu, anafundisha, anasaidia hospitali au kilimo, anapewa posho ya kujikimu. Nikamuuliza faida. Akajibu haraka kama mwanafunzi kwenye mtihani wa mdomo: akimaliza miaka miwili, anaongezewa alama 10 kwenye mtihani wa kuingia uzamili. Tukatembea kidogo. Mbele ya lifti akaongeza kwamba mwalimu wake wa Kiingereza wa shule ya msingi alikuwa kijana wa mpango huohuo, alikaa mwaka mmoja akaondoka, darasa zima likalia. Akacheka, akabonyeza lifti.

Mkalimani wangu nilipomsimulia alisema, "Unaona? Anafuata alama kumi." Sikukubaliana naye. Mimi mzigo wangu husafiri kwenye kontena la kuchangia. Ndani ya CBM zangu tatu, yaani mita za ujazo, kuna mabegi ya kuuza, pazia la harusi ya binti wa jirani, na mwaka jana kulikuwa na taa za msikiti wa mtaani kwetu ambazo sikuchaji hata senti ya usafiri. Meli ni moja, bili ya shehena ni moja. Ofisa wa bandarini akifungua ataona biashara. Imamu ataona taa. Nani kati yao amekosea? Kweli mashehe hutufundisha kuwa kila tendo na nia yake, ila sijawahi kusikia kwamba nia lazima isafiri peke yake kwenye kontena zima.

Na hawa watoto wana utani wao, msiwafanye malaika. Waliniambia kwamba kwenye maonyesho ya dunia ya Shanghai mwaka 2010 wenzao walivaa kijani na nyeupe, watu wakawaita kabichi ndogo. Kwenye michezo ya vyuo ya Chengdu mwaka 2023 waliitwa pilipili hoho ndogo. Nikawauliza wao wa vizibao vyekundu ni mboga gani. Wakabishana kwa Kichina dakika nzima, wakaniletea jibu: nyanya, kwa sababu zinapondwa kila siku na hazilipwi.

Mambo ya kukusaidia ukifikwa, Mungu apishe mbali. Hawaruhusiwi kukutafsiria ndani kwa daktari mambo mazito, wanakufikisha mlangoni tu. Kama una ugonjwa wa kujadili, lipa mkalimani wa kweli. Wanahudumia zaidi wazee wa Kichina wasio na simu za kisasa, kwa hiyo subiri zamu yako, usipige kelele za Kikariakoo. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, foleni ikiwa bado fupi. Beba pasi yenyewe, nakala haisaidii. Pesa usiwape, utawaaibisha mbele ya wenzao. Na ukitaka eksirei, vua bangili ukiwa bado hotelini.

Nyota nne. Ya tano iko ghorofa ya tatu, kwa yule wa simu.

Plasta nilitolewa tarehe 23 Mei. Nilikuwa nimebeba korosho nyingine, nusu kilo, nikamtafuta wa klipu ya njano ukumbi mzima. Nyanya mmoja, mwenzake wa kizibao chekundu, akaniambia hayupo, wanajiandaa na mitihani, na tena wiki iliyopita alifikisha saa 100. Nikauliza kama atarudi akishafikisha. Akainua mabega, akaangalia foleni, akamshika mkono bibi mmoja aliyekuwa akiipiga mashine kofi. Korosho nikamwachia yeye, na jina la klipu nikaliandika juu ya pakiti kwa Kiswahili.