Takawiri: siku 2 kwenye mchanga mweupe wa Ziwa Victoria

Kwetu Nakuru ukitaja ufuo, kila mtu anawaza Diani. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwezi wa nane, nilipokaa siku 2 Takawiri, kisiwa kidogo karibu na Mfangano, kaunti ya Homa Bay.

Tulitoka Kisumu alfajiri kwa matatu hadi Luanda Kotieno, tukavuka kwa feri hadi Mbita, kisha tukapanda boti ya mbao. Hapo kwenye boti ndipo nilipokasirika. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa machache kuliko abiria, na nahodha akaniambia, "Dada, ziwa limetulia." Nilikataa kupanda. Tukangoja boti nyingine karibu saa nzima, na sijutii hata kidogo. Safirini asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka na mawimbi si mchezo.

Ufuo wenyewe? Mchanga mweupe, laini, na miti ya jamii ya minazi imeinamia maji. Hewa haina harufu ya chumvi. Asubuhi ya kwanza nilikuta alama za miguu ya ndege tu, basi nikatembea polepole nikiogopa kuziharibu. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa saa 3 bila kusikia honi.

Sikuogelea, ingawa maji yalinivuta. Ziwa hili lina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi, hasa penye magugu kandokando. Ukiingia majini, baadaye nenda ukapimwe, dawa ipo.

Chakula ni ngege wa kukaanga na ugali. Mama aliyetupikia alichagua samaki mbele yetu, boti ikiwa ndiyo inatia nanga. Bebeni pesa taslimu za kutosha na tochi.

Usiku ndio ulionishika moyo. Wavuvi wa omena huwasha taa majini ili samaki wavutiwe na mwanga, na ukikaa mchangani unaona kama mji mzima umeelea gizani. Mama akanieleza kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, hivyo wengi hupumzika. Nilibahatika kufika mwezi ukiwa mchanga.

Nimeshaangalia kalenda. Desemba narudi na mama yangu mzazi, siku za giza.