Chuma cha Mkono cha Kuokea Pizzelle: Maoni Baada ya Msimu Mmoja wa Krismasi

Kwa watu wa Abruzzo, mkoa wa Italia ulio kati ya milima ya Apenini na Bahari ya Adriatiki, Krismasi hutanguliwa na harufu ya kiungo kiitwacho anisi inayotoka jikoni. Biskuti zao za sikukuu ni pizzelle, ambazo wengine huziita ferratelle kutokana na neno ferro, yaani chuma, kwa kuwa haziokwi ndani ya oveni bali hubanwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye nakshi. Msimu mzima nimetumia chuma cha aina ya zamani, kile cha kushikwa mkononi juu ya moto wa gesi, nami naona ndicho kinachomfaa mtu anayetaka biskuti nyembamba na kavu.

Kilinigharimu yuro 45. Kina uzito wa karibu kilo 2, na uzito huo ndio faida yake kubwa, kwa sababu bamba la juu hulibana donge lenyewe mpaka likawa jembamba, bila mpishi kukaza mkono sana. Hata hivyo, siku ya kwanza unga uling'ang'ania ndani ya nakshi, nikaukwangua kwa kijiti cha mbao, kama inavyotokea kwa chuma kipya cha vitumbua ambacho hakijakolea mafuta. Karatasi ya maelekezo haikusema neno lolote kuhusu kukipaka mafuta na kukipasha moto mara kadhaa kabla ya kazi, na hilo ni kosa la mtengenezaji. Baada ya kufanya hivyo mara tatu, biskuti zilianza kubanduka zenyewe.

Mimi hutumia mayai 3, sukari gramu 150, siagi iliyoyeyushwa gramu 110, unga wa ngano gramu 240, maganda ya limau yaliyokwaruzwa na kijiko kimoja cha mbegu za anisi, ambazo harufu yake iko karibu na ya shamari. Ukiweka kijiko kimoja cha donge katikati na kufunga, mvuke hufuka pembeni kwa mlio, na mlio huo ukikoma ujue unyevu umekwisha. Wazee wa huko husimulia kwamba muda ulipimwa kwa sala, Salamu Maria moja upande mmoja na Baba Yetu upande wa pili. Kwenye moto wangu wa wastani sala hizo hutoa biskuti nyeupe. Mimi hupenda iliyofikia rangi ya asali, kwa hiyo husali zote mbili kila upande.

Nakshi yenyewe imenisikitisha kidogo. Hapo kale wahunzi walichonga herufi za majina ya familia kwenye bamba, na chuma kikawa miongoni mwa vyombo alivyokwenda navyo bibi harusi. Maua ya chuma changu hayana kina, na hufifia kila donge linapokuwa laini kupita kiasi. Mipini nayo ni ya chuma kitupu, hivyo kuanzia biskuti ya kumi lazima ushike kwa kitambaa kinene. Mwenye jiko la kioo asikinunue kabisa, kwani hakitulii vizuri juu yake na kinaweza kulikwaruza.

Mashine ya umeme ya jirani yangu huoka mbili kwa mpigo, ilhali mimi humaliza biskuti 28 kwa karibu saa nzima. Lakini zake hutoka nene, na kesho yake zimekwisha kulegea. Zangu, zikitoka tu motoni, huwa laini kwa sekunde chache, muda unaotosha kuizungusha moja kwenye mpini wa mwiko ikawa bomba la kujazwa jamu ya zabibu, kama wanavyofanya Abruzzo. Zile bapa hupoa mojamoja juu ya waya kabla ya kufungiwa kwenye kopo, na wiki moja baadaye bado hukatika kwa mlio.