Hiace yangu ilichorwa mbele ya watu, na mvua zimeshapita

Mwezi wa saba mwaka jana nilipeleka Hiace yangu kwenye maonyesho ya sanaa ya wazi hapa Lubumbashi, kwa kijana mmoja aliyekuwa akichora magari palepale, watu wamemzunguka. Tulikubaliana dola 120 kwa ubavu mmoja, siku mbili. Nimengoja mvua ziishe ndipo niandike, kwa sababu rangi ya gari huwezi kuijua siku ya kwanza.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kuona kazi tangu chini. Kuna gereji niliwahi kuachia gari, nikalikuta linang'aa, na baada ya miezi mitatu rangi ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Kutu ilikuwa imefunikwa tu. Huyu alianza na msasa wa maji, asubuhi nzima, hadi watazamaji wengine wakachoka wakaenda zao. Alipofika chini ya mlango akaniita: "Papa, kuya uone." Kulikuwa na tundu la kuingia kidole. Akakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, akaziba kwa mastiki, akasugua tena, akapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Brashi aliishika alasiri.

Alichora samaki na ndege, viumbe alivyovipenda Pili Pili Mulongoy, mmoja wa wachoraji waliolelewa na Pierre Romain-Desfossés katika karakana yake iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 1946. Majani aliyapaka kwa ncha za vidole. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Bela!" Naye Bela, mchoraji mwingine wa karakana hiyo, kweli alichora kwa vidole. Nilisikia raha sana, gari langu la abiria kubeba kitu hicho.

Vanishi ndiyo iliyoniudhi. Aliipuliza jioni, upepo wa kiangazi ukivuma, ili amalize kabla ya kufunga. Alimwaga ndoo mbili za maji chini kutuliza vumbi, lakini chembe zilinasa karibu na kioo cha nyuma. Ukipitisha kiganja unazihisi. Ukimpelekea gari, mwombe angoje asubuhi, hewa ikiwa imetulia.

Sasa mvua zimepita. Pale kwenye tundu hakuna kutu. Nyekundu imefifia kidogo upande wa jua, na mlango umekwangua mkia wa samaki mmoja. Mtaani Katuba, hapa mjini, watoto wanaiita "gari ya samaki". Ubavu wa pili nimeshamwekea pesa.