Ziara binafsi ya Cartagena: usimlipe dereva ukidhani umemlipa mwongoza watalii

Mwezi wa Februari mwaka juzi nilimpeleka mama yangu Cartagena, mji wa bandari ulio kwenye pwani ya Karibi ya Kolombia. Mama ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na wakati huo alikuwa na miaka 71. Alikuwa amekuja kunitembelea Houston ninakoishi, nami nilitaka aone bahari nyingine yenye ngome kabla hajarejea nyumbani. Nilimlipa wakala mmoja dola 240 kwa ziara ya nusu siku iliyotangazwa kuwa binafsi, yenye gari la kiyoyozi, maji baridi na mtu anayezungumza Kiingereza. Vyote hivyo tulivipata. Gari lilikuwa safi, maji yalikuwa baridi kweli, na Kiingereza cha yule bwana hakikuwa na kasoro. Tulipofika chini ya ngome ya San Felipe de Barajas alitushusha, akatuonyesha dirisha la tiketi, akasema atatusubiri garini kwa kuwa pale hapana pa kuegesha. Tukapanda wawili, mimi na mama.

Kilima cha San Lázaro, ambako ngome hiyo imejengwa, si kirefu, lakini njia ya kukipanda ni mwinuko mkali wa mawe usio na kivuli hata kidogo, na saa tano asubuhi jua la Karibi humpiga mtu utosini. Mama alipofika kwenye buruji la kwanza aliuwekea ukuta kiganja, akaukwaruza kwa ukucha, akautazama ule unga mweupe uliobaki kidoleni, akaniambia, "Mwanangu, hili ni jiwe la matumbawe, kama letu." Baada ya hapo maswali yalimjaa. Aliyeijenga ngome hii ni Mreno? Mbona buruji hili linatazamana na lile, halitazami bahari? Hili handaki linakwenda wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Tuliwaona watu wengine wakisimama na mwongoza watalii wao penye kona yenye kivuli, wakielezwa kwa mikono na kwa kijiti kilichochora vumbini, nasi tukapita kando yao kama watu waliokuja kutazama mandhari tu. Tuliporudi chini, dereva alituuliza kama ngome imetupendeza.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia idadi ya nyota, wala ukubwa wa gari, wala kama unafuatwa hotelini au la. Mambo hayo kila tangazo linayo, na kila mnunuzi anajua kuyatazama. Nitapanga aina za ziara kwa kigezo kimoja, ambacho sijaona mtu akikizingatia na ambacho kiliiharibu siku ya mama yangu: je, dereva na mwongoza watalii ni mtu mmoja au ni watu wawili?

Katika miji mingine jambo hili lisingekuwa na uzito. Cartagena lina uzito kwa sababu ya umbile la mji wenyewe. Sehemu yenye thamani ya kutembelewa, ile iliyoingizwa mwaka 1984 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa kiasi kikubwa iko ndani ya kuta, na mitaa yake ni myembamba kama vichochoro vyetu vya Kibokoni, Mombasa. Gari haliwezi kuegeshwa likaachwa. Kwa hiyo mtu mmoja akiwa ndiye dereva na ndiye mwongozaji, lazima achague kati ya gari na wageni, na kila mara atachagua gari, kwa kuwa gari likivutwa na polisi yeye ndiye atakayelilipia. Utazungushwa, utaonyeshwa vitu kupitia kioo, utashushwa dakika ishirini hapa na dakika ishirini pale, na mahali penye maneno mengi zaidi ndipo utakapokuwa peke yako. Tena sheria ya Kolombia inataka mwongoza watalii awe na kadi ya taaluma, ambayo wao huiita tarjeta profesional, na dereva wengi hawana. Wakala anajua hayo yote. Anaandika kwenye tangazo "dereva anayezungumza Kiingereza," nawe kwa haraka unasoma "mwongoza watalii," naye anabaki na mshahara wa mtu mmoja mfukoni.

Basi kabla hujalipa popote, uliza swali moja tu kwa maandishi: "Tukiwa ndani ya ngome, nani atabaki na gari?" Jibu likianza na maelezo marefu kuhusu uzuri wa gari, achana nao.

Ninaloliweka la kwanza, na sifichi kwamba nina upendeleo, ni kumwajiri mwongoza watalii wa mjini kupitia ToursByLocals, kampuni ya mtandaoni ya Vancouver, Kanada, iliyoanza mwaka 2008. Naipendelea kwa sababu hapo unamchagua mtu, si kifurushi. Unaona jina lake na sura yake, unamwandikia kabla ya kutoa fedha, naye anakujibu mwenyewe. Unaweza kumwambia kwamba una mzee asiyeweza kupanda haraka, au kwamba makanisa hayakuvutii ila mahandaki yanakuvutia, naye akaipanga siku upya. Bei mara nyingi huwa ya kikundi kizima badala ya kuhesabiwa kwa kichwa. Kwenye masoko makubwa ya ziara mtandaoni kama Viator na GetYourGuide nako kuna waongozaji hodari, sikatai, lakini jina la anayeiendesha ziara mara nyingi hulijui vizuri mpaka uchimbue, na mtu atakayekuja asubuhi ni yule ambaye ofisi imempanga.

Mwezi wa Januari mwaka huu nilirudi na mama, kwa sababu jambo lile lilikuwa limenikaa moyoni. Tulimpata bwana mmoja wa mtaa wa Getsemaní, mwenye kadi yake shingoni, na gari lilikuwa la rafiki yake aliyebaki usukani. Tuliingia ngomeni mapema, mara tu milango ilipofunguliwa, jua likiwa bado la upole. Mama alirudia maswali yake yaleyale ya mwaka juzi. Maburuji yanatazamana, akaelezwa, ili adui akiliteka moja ashambuliwe kutoka la pili, na Waingereza walioongozwa na amiri wao Vernon waliikosa ngome hiyo mwaka 1741 japokuwa walikuja na merikebu nyingi kupita kiasi. Waliojenga hapa ni Wahispania, lakini mfalme aliyeagiza kuta za kwanza za mji huu baada ya Mwingereza Francis Drake kuupora mwaka 1586 ni Felipe wa Pili, yuleyule aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati Fort Jesus ilipojengwa kuanzia mwaka 1593. Mfalme huyo alimtuma Mwitaliano Bautista Antonelli huku, na ya Mombasa ikachorwa na Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mama alinyamaza, akatazama tena lile jiwe la matumbawe. Kisha yule bwana akamwomba asimame penye mdomo wa handaki, yeye akaingia ndani mpaka tusimwone, akasema jina la mama kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake mezani. Mama alilisikia kama aliyeitwa begani. Handaki zile zilijengwa ili mlinzi asikie nyayo za adui kabla hajafika, na jambo kama hilo halimo kwenye kibao chochote ambacho dereva wangu wa kwanza angeweza kuninyooshea kidole.

Ndani ya mji nako ni vivyo hivyo. Ukipita chini ya mnara wa saa unaingia kwenye uwanja wa Plaza de los Coches, na asiyeelezwa ataona matao ya manjano na akina mama wanaouza peremende za nazi na kashata za ufuta. Pale ndipo Waafrika walipouzwa. Hatua chache mbele liko kanisa la San Pedro Claver, padri Mjesuti aliyefika mwaka 1610 na kufa mwaka 1654, aliyekuwa akishuka ndani ya merikebu za watumwa na kuwauguza, na mifupa yake imo ndani ya sanduku la kioo chini ya altare. Hivi vitu viwili vinahitaji kuelezwa pamoja, na vinaelezeka kwa miguu tu.

La pili katika orodha yangu ni ziara ya kijiji cha San Basilio de Palenque, kama kilomita 50 kutoka mjini, ila kwa sharti kwamba mwongozaji awe mzaliwa wa kijiji hicho. Hapa gari na dereva ni lazima, lakini dereva anakupeleka tu, na kijijini unapokelewa na mwenyeji. Palenque kilianzishwa na watumwa waliotoroka, na kiongozi wanayemkumbuka ni Benkos Biohó, ambaye sanamu yake iko uwanjani, ikiwa na minyororo iliyokatika. UNESCO ilikitambua mwaka 2005 kwa utamaduni na lugha yake. Lugha hiyo ina maneno ya Kihispania kwa wingi lakini imebeba pia mengi ya Kikongo, na msomaji wa Kiswahili atashtuka kwa furaha: ng'ombe wanamwita ngombe, mtoto ni moná, na wanapotaka wingi wanatanguliza ma. Mama alimsikia bibi mmoja akisema ma moná huku akiwaita wajukuu, akageuka akaitika kwa Kiswahili. Ziara hii ningeiweka juu kabisa kama isingechukua siku nzima na kama kila mwenye siku moja tu hangelazimika kuuacha mji wenyewe.

La tatu ni kumtafuta mwongozaji wa miguu kupitia hoteli yako na kukodi teksi kando kwa safari ya ngome. Ni njia halali, ila kumbuka kwamba teksi za Cartagena hazina mita, hivyo kubaliana bei kabla hujafungua mlango. Dai kuiona kadi ya mwongozaji, na kama ni kampuni, dai namba yake ya usajili wa utalii, ile inayoitwa Registro Nacional de Turismo. Kwa mujibu wa sheria wanapaswa kuwa nayo, na aliye nayo hasiti kuitaja.

La mwisho ni kile nilichokinunua mwaka juzi, yaani gari, kiyoyozi na dereva mwenye maneno mazuri. Sishauri mtu yeyote akinunue, isipokuwa mwenye mgonjwa asiyeweza kabisa kutembea.

Za bei nafuu zipo. Kuna basi la ghorofa la kupanda na kushuka, kuna matembezi ya kikundi ambayo unalipa unachoridhika nacho, na kuna chiva, lile basi la mbao lenye muziki na pombe usiku. Matembezi ya kikundi ni mazuri kwa kijana aliye peke yake. Hayo mengine si ziara za kujifunza.

Sasa niseme kuhusu bei, kwa sababu jambo hili linaniumiza. Mawakala kadhaa wanauza ziara "binafsi" kwa kichwa. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale, mwongozaji ni mmoja, lakini tukiwa wawili tunalipa 240 na tukiwa wanne tunalipa 480. Gharama iliyoongezeka ni chupa mbili za maji! Kisha tiketi ya ngome haimo, unaambiwa ukiwa dirishani. Siku ambazo meli za kitalii zimetia nanga mtaa wa Manga, bei inapanda tena, na ngomeni hapapitiki. Waulize wenyeji siku za meli kabla hujachagua tarehe, hasa kati ya Oktoba na Aprili, ambapo meli ni nyingi. Na kuna duka la zumaridi. Dereva wetu alituingiza humo bila kuulizwa, kwa dakika arubaini, muda mrefu kuliko tuliopewa ngomeni. Zumaridi za Kolombia huchimbwa kwenye milima ya Boyacá, mamia ya kilomita kutoka baharini, hivyo hakuna cha kujifunza Cartagena kuhusu jiwe hilo isipokuwa bei, na dereva hupata kamisheni yake mteja akinunua. Tunaotoka pwani tunawajua mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii, na desturi zao, lakini papasi wa ufukweni hukudai baada ya kukutafuta. Huyu nilikuwa nimeshamlipa saa zake zote, naye akaziuza mara ya pili kwa mwenye duka.

Ukishampata mtu wako, mwandikie ujumbe wa namna hii kabla ya kulipa: "Tuko watatu, mmoja ni mzee. Tunataka kuanza ngomeni milango inapofunguliwa, kisha tutembee ndani ya kuta kwa miguu hadi saa sita, bila kuingia duka lolote. Wewe utakuwa nasi wakati wote, na gari litakuwa na dereva wake. Bei ni ya kikundi, na tafadhali tutajie tiketi zote." Yule bwana wa Getsemaní alinijibu usiku uleule kwa mistari minne, akataja tiketi mbili, akauliza kama mama anatumia mkongojo ili atuletee kiti cha kukunja. Alikuja nacho.