Uchambuzi: sarafu ya bronzi ya Gordianus III kutoka Viminacium

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani ipo sarafu moja tu, ya bronzi, iliyogongwa Viminacium, mji wa Kirumi uliokuwa karibu na Kostolac ya leo, nchini Serbia. Nitasema mapema: kwa anayeanza kukusanya sarafu za majimbo ya Roma, sijaona inayoizidi.

Nasogeza kamera. Huyu ni Gordianus III, kaizari wa Roma, aliyetawazwa mwaka 238 akiwa kijana wa miaka 13 hivi. Picha si mbaya, ila utamu uko nyuma. Tuigeuze. Mwanamke aliyesimama katikati ni Moesia, yaani jimbo lenyewe katika umbo la mtu. Huku fahali, huku simba. Fahali ni alama ya Legio VII Claudia, simba ni ya Legio IV Flavia, majeshi ya Kirumi yaliyolinda mpaka wa mto Danube. Uso wa Moesia umelika, lakini tazama manyoya ya shingo ya simba, bado unaweza kuyahesabu! Pembeni pameandikwa P M S COL VIM, yaani koloni la Viminacium la jimbo la Moesia ya Juu. Sasa shuka hadi chini kabisa: AN II. Mwaka wa pili. Mji ulianza kuhesabu miaka yake mwaka 239, kwa hiyo hii ni ya 240 au 241. Hukisii, unasoma. Ndiyo maana naipenda kuliko sarafu nyingi za Roma kwenyewe zenye sura nzuri zaidi.

Tena ni nzito, inajaza kiganja, na hupatikana kwa bei nafuu kuliko sestertius, sarafu kubwa ya Roma kwenyewe, ya ukubwa huo, kwa sababu ziligongwa kwa wingi.

Kasoro zipo. Mafundi wa Viminacium hawakuwa makini kila mara, kwa hiyo maandishi mengi yamekatika ukingoni. Usinunue yenye herufi kali kupita kiasi juu ya uso uliochakaa. Huenda imechongwa upya juzi. Ukiona mstari wa kuunganisha kalibu ukingoni, hiyo imesubiwa badala ya kugongwa, ni bandia, iache. Na unga wa kijani mpauko unaopukutika ni ugonjwa wa bronzi: chumvi za kloridi zinaila ndani kwa ndani zikipata unyevu. Utando wa kijani ulio mgumu na laini hauna neno. Usiusugue kamwe!

La mwisho, nalo nalishikilia sana: muulize muuzaji sarafu imetoka kwenye mkusanyiko gani, na akupe karatasi. Maeneo ya kale ya Balkani yameporwa vibaya na watu wenye mashine za kutafutia metali. Asiyeweza kujibu, usimpe hela yako.

Kama unayo tayari, niandikie hapo chini yako ni ya mwaka gani. Mimi natafuta AN V ya Gordianus.