The Duke and I: Duke mkware, kigugumizi, na ile sura inayogombanisha wasomaji

Nimemaliza The Duke and I ya Julia Quinn kwa mara ya pili wiki hii na bado nina hasira nacho na bado nakipenda, sasa ngoja nieleze vyote viwili, maana wasomaji wa hiki kitabu naona wamegawanyika timu mbili tu, kuna wanaosema ni penzi tamu halina mfano na kuna wanaosema kitupwe, na mi nimekaa katikati hapo nikiwa na maneno mengi.

Kwa ambaye hajakisoma, kilitoka mwaka 2000 na ndo cha kwanza kwenye mfululizo wa familia ya Bridgerton, ile ile ambayo Netflix waliitengenezea tamthilia mwisho wa 2020 watu wakawa wanakesha. Tupo London, 1813, mfalme George wa Tatu ni mgonjwa wa akili na mwanae anatawala kwa niaba yake. Simon Basset, Duke wa Hastings, amerudi Uingereza baada ya kuzurura nchi za nje miaka sita, baba yake kafa, cheo kimekuwa chake, na sifa iliyotangulia kabla hata hajafika ni kwamba huyu ni kiwembe, wanawake kwake ni kupita tu. Akina mama wenye mabinti wa kuozesha wanamfukuzia hivyo hivyo, maana juu ya Duke hakuna tena cheo ukiacha ukoo wa mfalme wenyewe. Daphne Bridgerton yeye ni mtoto wa nne kati ya wanane, na majina yao yanafuata alfabeti, Anthony, Benedict, Colin, Daphne hadi Hyacinth. Wanaume wanampenda sana Daphne ila kama rafiki, wa kuposa wa maana hamna. Basi wanakubaliana waigize uchumba, Simon apumzike na wale akina mama, na Daphne aonekane anatakiwa na Duke ili wanaume wengine washtuke. Inaishia wapi unajua mwenyewe.

Nusu ya kwanza ni raha tupu, sina la kuficha. Mara ya kwanza Simon anamuona Daphne kwenye dansi ya Lady Danbury, Daphne katoka kumpiga ngumi mwanaume mlevi anayemng'ang'ania amuoe na jamaa yupo chini sakafuni, ndo wanaanza kujadiliana wamfanyeje. Mazungumzo yao yanaenda haraka, wanataniana kama watu waliojuana tangu utotoni, na ukiongeza wale kaka zake Daphne wakubwa watatu wanavyomkodolea Simon macho mezani unajikuta unacheka peke yako. Halafu kila sura inafunguliwa na kipande cha gazeti la umbea la Lady Whistledown, mbea ambaye mji mzima haumjui ni nani na anawataja watu kwa majina yao kamili bila kuogopa cheo cha mtu. Vile vipande hata vingetolewa kitabu chake peke yake ningenunua.

Kuna wasomaji wanalalamika kwamba mazungumzo yenyewe ni ya kisasa mno, mwandishi ni Mmarekani na inasikika. Ni kweli, ila mimi haikunisumbua.

Lalamiko lingine nimelikuta sana ni kwamba tumeahidiwa Duke mkware na ukware wenyewe hatuuoni, tunaambiwa tu. Hapa nataka nisimame kidogo, maana mi naona hawa wamepitwa na kitu ambacho ndo roho ya kitabu. Rudi kwenye sura za mwanzo kabisa. Baba yake Simon alitaka mrithi kuliko kitu chochote duniani, mama yake akafa kwa kumzaa, mtoto akakaa hadi miaka minne hajasema neno, na alipokuja kusema maneno yakatoka yanakwama kwama. Kigugumizi. Baba akamkataa pale pale, akaamua huyu ni mjinga hafai kubeba jina la ukoo, akamwacha na yaya anaitwa Hopkins. Na huyo yaya ndo akakaa na mtoto siku baada ya siku wakifanya mazoezi ya sauti moja moja mpaka ulimi ukafunguka.

Mimi mdogo wangu wa kiume ana kigugumizi. Nimemuona akizunguka neno zima ili kukwepa herufi moja, nimemuona akinyamaza darasani akiwa na jibu kichwani, nimeona watu wakimmalizia sentensi na uso wake unavyofunga mlango. Kwa hiyo nilipofika pale Simon anapojifunza kuongea machache tu, kupanga sentensi kwanza kichwani, na akihisi ulimi unataka kukwama anaweka sura ya dharau kama vile swali lenyewe halina hadhi ya kujibiwa, nilifunga kitabu kwanza. Kwa sababu watu waliomzunguka wanakiona kile kimya wanasema huyu ana majivuno ya kiduke, na kadiri anavyonyamaza ndivyo wanavyozidi kumheshimu! Ule ubaridi wake unaowachanganya wanawake wa London, ile sura ya mwanaume asiyejali, ni mtoto anayejificha asije akakwama mbele za watu. Sasa mtu akiniambia hajauona ukware mi namwambia ulikuwa unaangalia ngao. Na tena hasira ikimpanda sana kigugumizi kinarudi, na anayekisikia zaidi ni Daphne, na Daphne hamharakishi wala hammalizii neno.

Kiapo chake nacho kinatoka hapo hapo. Baba alitaka ukoo uendelee, basi Simon kaapa hatazaa, jina la Hastings life naye. Hiki si kinyongo cha kitoto, kwa sheria ya kule cheo kinarithiwa na mtoto wa kiume wa ndoa, huwezi kumuachia umpendaye kwa wosia, kwa hiyo kutokuzaa ndo silaha pekee iliyokuwa inamfikia yule mzee hata akiwa kaburini. Ndo maana Anthony, kaka mkubwa wa Daphne, anapowafuma bustanini wakibusiana na kumwambia Simon aoe, Simon anachagua kupigana kwa bastola alfajiri na rafiki yake wa tangu shuleni kuliko kumuoa Daphne ambaye anajua anataka watoto. Yupo tayari kufa kabisa. Daphne ndo anakuja kuvunja lile pambano, na Simon anamwambia hawezi kumpa watoto, Daphne anakubali kuolewa hivyo hivyo. Angalia hilo neno, hawezi. Ukweli ni hataki. Na Daphne hajui tofauti kwa sababu mama yake usiku wa kuamkia harusi alizungukazunguka maneno kwa aibu mpaka binti akatoka pale hajui mtoto anaingiaje tumboni.

Sasa ile sura. Kama hujasoma na hutaki kujua ruka hii aya.

Daphne anakuja kugundua kwamba mumewe hana tatizo lolote, huwa anajitoa kabla, makusudi. Wanagombana vibaya. Simon anaenda kunywa, anarudi kalewa, anaomba tu asiachwe peke yake, analala. Na Daphne akiona yupo katika hali ile ndo anaanzisha mambo, na inapofika pale ambapo siku zote Simon hujitoa anambana asitoke. Anafahamu anachofanya, kitabu kinatuambia wazi kwamba anafahamu. Simon anapoelewa kilichotokea kigugumizi kinamrudia kama mtoto wa miaka minne. Anaondoka nyumbani.

Wanaomtetea Daphne wana hoja na mi nimeisikiliza kwa makini. Wanasema Simon ndo alianza, alijificha nyuma ya ujinga wa msichana ambaye hakufundishwa chochote, akamuibia maisha aliyoyataka. Na wanasema mwangalie mwanamke wa 1813 alikuwa na nini mkononi, talaka inayokuruhusu kuolewa tena ilipatikana kwa kupitishiwa sheria Bungeni hadi 1857 na wanawake waliowahi kuipata kwa njia hiyo ni wanne tu, mali yake akiolewa inaingia kwa mume, mwili wake nao ndo hivyo hivyo, mpaka 1991 ndo majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa kule wakati ule, walitamka kwamba mume anaweza kupatikana na hatia ya kumbaka mkewe. Yote ni kweli. Simon alimdanganya na udanganyifu ule ni mkubwa, nakubali.

Lakini mtu aliyelewa na kulala hajakubali. Geuza tu, weka Daphne ndo kalewa na Simon ndo anayetaka mtoto, nani angeita hiyo mapenzi? Nimewasoma wanaume wakisema wameshindwa kuendelea na kitabu baada ya pale, na hawakosei. Kinachoniuma mimi zaidi ya tukio lenyewe ni kwamba kitabu hakitulii nalo. Simon anapewa kurasa na kurasa za kushughulika na hasira yake kwa baba, anarudi, anaomba msamaha, anajifunza kwamba furaha yake si ushindi wa yule mzee, na ni safari nzuri kweli imeandikwa kwa moyo. Ila alichofanyiwa na mkewe kinapitwa kama vile ilikuwa ni hatua ya kuelekea kwenye uponyaji. Daphne ana majuto kidogo, nusu nusu, basi. Mwandishi mwenye uwezo wa kuandika Hopkins na mtoto wakihangaika na sauti moja alikuwa na uwezo wa kumkalisha Daphne chini aseme nilikukosea, kurasa mbili tu zingetosha.

Kwenye tamthilia walimwondolea Simon ulevi ila kiini kikabaki, na ugomvi wa watazamaji ukawa ule ule. Kigugumizi nacho kule wamekigusa lakini ukitaka kukijua vizuri ni kitabuni.

Nyota ngapi? Nusu ya kwanza ningeipa tano, ile sura inashusha, mwisho unapandisha kidogo, naiacha tatu na nusu. Kiingereza chake si kigumu, ni siku mbili tatu unamaliza, na kama umependa kaka zake basi cha pili ni cha Anthony. Mapenzi ya chumbani yapo ya kutosha na yameandikwa waziwazi, usimwachie mdogo asome.

Sura za mwanzo lakini nilimsomea mdogo wangu, zile za yaya tu, alipoomba nimuonyeshe nilikuwa nalilia nini. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza yule yaya alikuwa anamsubiri amalize? Nikamwambia ndio, kila mara alikuwa anamsubiri. Akasema rudia hapo.